Salamu Ndani ya Mwongozo wa Pampu

Sikuwa nimewahi kuona maneno yakijiandika yenyewe. Nimesoma chuo kikuu, na nimewahi kulipwa kuwafundisha watu wazima namna ya kupanga aya. Lakini asubuhi ile nyumbani kwangu Sofu, neno "Hodi" lilipojitokeza herufi baada ya herufi katikati ya sentensi yangu, niliinua mikono kutoka kwenye kompyuta kama mtu aliyeambiwa yuko chini ya ulinzi.

Binamu yangu, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akiwasha pampu ya maji shambani kwa shangazi huko Vihingo, alikuwa amepata kazi Dodoma na kuondoka. Pampu ile ukiiwasha bila kuijaza maji kwanza, inaungua. Shangazi hana nyingine, na bamia zake zilikuwa zimeanza kunyauka. Familia ikaamua msomi aandike mwongozo.

Nikajisajili kwenye tovuti ya kuandikia miongozo, iliyoahidi kwamba hata asiyejua chochote anaweza kuanza. Sifa hiyo ninayo. Nikaandika dibaji ndefu kuhusu maji na binadamu, kisha hatua za kuwasha pampu, kisha nikatuma linki kwenye kundi la familia nikiamini natuma karatasi. Kumbe nilikuwa nimefungua mlango, na kila anayeingia anakuja na kalamu yake.

"Karibu," mtu akamjibu yule wa hodi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

Tovuti ile huonyesha jina la kila aliyemo, na kwetu huwezi kumkuta mtu mahali ukampita kimya. Wakasalimiana, kila mmoja pale kidole kilipoangukia. Hatua ya kwanza ikawa inasomeka: "Fungua kizibo cha juu Alhamdulillahi mguu una nafuu umimine maji mpaka yajae." Mguu ulikuwa wa mama yangu, aliyeko Gwata, akimjibu mjomba.

Nikaingiwa na hofu. Nikafuta salamu zote. Hapo hapo simu ikaita.

"Wewe! Umenifuta?"

"Shikamoo shangazi. Sijakufuta wewe, nimefuta maandishi tu."

"Maandishi gani? Nilikuwa namjulia hali wifi yangu, mama yako mzazi! Hajaniitikia, umeshanifuta mbele ya ukoo mzima. Ndiyo mliyofundishwa huko chuoni?"

"Nilitaka hatua za pampu zisomeke, shangazi."

"Kaa nazo. Mimi sisomi karatasi inayofukuza wageni. Naiwasha kwa akili yangu."

Akili ya shangazi naijua: kitu kikigoma, anakizungusha kwa nguvu zaidi.

"Usiwashe! Nakuomba shangazi, usiiguse!"

"Nipo njiani naelekea kisimani," akasema, nami nikasikia ndala zake.

Nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Mahali fulani pembeni tovuti ilikuwa imehifadhi ukurasa ulivyokuwa kabla ya ujinga wangu. Nikaurudisha. Salamu zikafufuka zote, pamoja na mguu wa mama. Nikazikusanya juu kabisa ili hatua zibaki peke yake chini. Nafasi niliipata kwa kung'oa dibaji yangu nzima, na mpaka leo hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

"Shangazi, tazama simu yako. Umerudi."

Ndala zikasimama. Halafu pale juu, mbele ya macho yangu, mama akaanza kuandika, taratibu kama anayechambua mchele: "Wifi nimekuona. Bamia kwanza, tutaongea." Nikamsomea shangazi kwa sauti.

"Haya," shangazi akasema, sauti imeshuka. "Nisomee na hatua zako. Miwani nimeiacha ndani."

Nikamsomea hatua moja moja. Nilisikia kizibo kikifunguliwa, ndoo ikimiminwa, kizibo kikifungwa. Nikasikia swichi. Kisha sikusikia kitu chochote, na moyo wangu ukasimama pamoja na pampu. Mara ikakohoa, ikanguruma, na shangazi akanisahau kabisa, akawa anampigia kelele mtu mwingine:

"Mpira! Shika mpira, maji yanaenda kwa jirani!"