Hamira Kwenye Meno Meupe

Meno yangu ni ya kahawia, na simwombi mtu radhi. Aliyezaliwa Endabash akakulia maji ya visima vyetu hutembea na rangi hiyo mdomoni maisha yake yote, kwa sababu maji yetu yana madini mengi. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam wenzangu waliniuliza kama navuta sigara. Niliwajibu kwamba mimi navuta maji tu, kisha nikawapita kwenye mtihani wa vijidudu. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado linanifurahisha.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa na meno meupe pale kijijini. Yalikuwa meupe pe. Akicheka baada ya ibada, hata mchungaji alisahau alichokuwa anasema. Sisi watoto tulipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: alilelewa pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, akanywa maji ya kijito kinachoshuka kutoka huko juu, maji matamu yasiyo na madini. Tulimwamini, nani angebishana na mama? Nilijivunia meno yale kama watu wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Miaka michache iliyopita mama alianza kuumwa mdomo. Ana kisukari, na mwenye kisukari akiota utando mweupe ulimini si jambo la kushangaza. Zahanati wakampa vidonge vya fangasi. Akapata nafuu, utando ukarudi. Akapewa tena, na tena, na duka la dawa karibu na stendi likawa linamuuzia kimoja kimoja kila alipolalamika. Mwishoni hakuweza kumeza hata uji. Anayechoma sindano ya sukari halafu hali chakula anacheza na kifo, na asubuhi moja jirani alimkuta ameanguka kando ya mafiga, hajitambui. Wakamleta Karatu, hospitali ninayofanyia kazi.

Kule nyumbani watu walishaanza kunong'ona kuhusu "ule ugonjwa". Mtu akikonda na mdomo ukiwa na utando, kila mtu anajua kujumlisha. Tulimpima, hana. Lakini mnong'ono hauna kipimo, na mama aliujua. Alilala ameelekea ukutani, kanga imefunika mdomo, na kila siku alipungua.

Mimi ndiye msimamizi wa maabara yetu. Ni chumba kidogo chenye dirisha linaloangalia mashamba ya mahindi, na ukinisikia naisifia usishangae. Zamani tukitaka kuotesha fangasi tulipeleka sampuli mbali, na majibu yalirudi mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Sasa tunaotesha wenyewe. Tulipigania kile kitanuri cha kuoteshea vijidudu kwa maombi na makelele mpaka kikaja, na siku kilipofika niliwapikia wenzangu maandazi.

Maandazi yanafaa kwenye habari hii, maana ugonjwa wa mama ulitokana na ndugu wa hamira. Ndivyo ninavyowaeleza wagonjwa. Ni hamira inayoishi kwenye mwili wa kila mtu, kimya, bila shida. Sukari ikipanda au kinga ikishuka, inaamka. Ile ya kawaida ukiiweka kwenye majimaji ya damu yenye joto la mwili, inatoa mkia mrefu, na kwa mkia huo inapenya nyama. Nilichukua sampuli ya mama, au tuseme mama aliichukua, kwa kuwa alikataa kabisa kushikwa mdomo. Alininyang'anya kijiti cha pamba, akajipaka ulimini mwenyewe, akanirudishia. Nikaiotesha, nikaiweka kwenye majimaji, nikaja kuitazama kwa darubini. Haikuwa na mkia hata mmoja.

Mgeni wa maabara angefurahi. Mimi nilishuka moyo, kwa maana hamira isiyo na mkia ndiyo mara nyingi iliyo sugu. Haikimbilii kupenya, inakaa tu, inang'ang'ania. Niliitandaza kwenye kisahani, juu yake nikaweka vijiduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa inayofanya kazi huacha uwazi safi kuizunguka karatasi yake. Kesho yake hamira ilikuwa imeota mpaka ukingoni mwa karatasi ya vidonge vile vya mama, imeigusa kabisa, kama mbuzi aliyelala mlangoni kwako na wala haondoki. Dawa nyingine, ile ya kusukutua, iliacha uwazi.

Nilimpelekea majibu daktari wa wodi, kijana wa Tanga mwenye adabu ya kwao.

"Dada, dawa tutabadilisha leo hii," akasema. "Ila hamira kama hii lazima ina maskani, mahali inapojificha halafu inarudi. Inapenda sana plastiki. Bi mkubwa hana meno ya bandia?"

Nilicheka. Nikamweleza habari ya kijito cha Ngorongoro, na jinsi mama alivyokwepa kisima. Alinisikiliza, akanitazama mdomoni, akaangalia pembeni haraka.

"Samahani, dada. Kumbe ni maji ndiyo yanayowatia wagonjwa wangu rangi hii? Na huko msituni bi mkubwa alilelewa na nani?"

"Na mama mkubwa, dada yake. Walikunywa maji ya ki…"

Sikumaliza. Mama mkubwa yuko Daa mpaka leo, pembezoni mwa msitu ule ule, na meno yake yana rangi ya chai ya rangi.

Nilikwenda wodini nikakaa kitandani kwa mama. Nilimwambia kwamba vidonge havitafanya kazi tena, na kwamba hata dawa mpya haitafaa kama ugonjwa una nyumba. Alinitazama muda mrefu juu ya ile kanga.

"Vuta pazia," akasema.

Nikavuta. Akageuka kidogo, akatia vidole mdomoni, na meno yote yakatoka, ya juu kisha ya chini, yakakaa kwenye kiganja chake. Uso wake ulishuka, midomo ikaingia ndani, akafanana na bibi, mama yake, sawasawa. Kaakaa lake lilikuwa jekundu, limechubuka lote. Hakuwahi kulala bila meno yale tangu ujana.

"Kule juu, ukingoni mwa kreta, kulikuwa na hoteli inatafuta wasichana," akasema kwa sauti nyororo ya mtu asiye na meno. "Tukapanga mstari. Mkubwa wa hoteli akapita, akatuambia tucheke. Wenye meno meupe, mezani kwa wageni. Sisi wengine, dobi. Nikafua mashuka mpaka nikapata hela ya kung'oa."

"Yalikuwa yanauma?"

"Hapana. Yalikuwa mazima."

Niliyatazama yale meno, kila safu kwenye bamba lake la plastiki.

"Na mezani ulikwenda?"

"Nilikwenda," akasema, akainua kichwa. "Na mwisho wasichana wote wa mezani walikuwa chini yangu."

Nilimkasirikia yule mwanamume wa mstarini, ambaye huenda amekufa, kwa hasira ambayo haijaisha. Na papo hapo nilimwonea mama fahari mpaka machozi yakanitoka. Nikamuuliza kama baba alijua.

"Miaka yote alitoka nje nikipiga mswaki," akasema. "Alijua. Alikuwa na adabu tu."

Nikamwonyesha upande wa bamba la juu unaogusa kaakaa, ulioteleza kwa utando mwembamba. Nikaanza kumweleza kwamba hamira ikishika plastiki hujijengea utando wake, na dawa haiupenyi. Akanikatiza.

"Ni kibuyu cha pombe," akasema. "Kibuyu cha pombe hata ukisuuze vipi, ukitia uji wa mtoto kesho umechachuka. Chachu imeshaingia ukutani. Hapo sasa unanifundisha nini?" Kisha akanisogezea kiganja. "Basi chukua ukatupe."

Nilianza kwa kuyapima, maana mimi ni mtu wa maabara. Hamira ilikuwa ile ile, isiyo na mkia, isiyosikia vidonge. Mama akasukutua dawa mpya na kujipaka mdomoni, na bila ile maskani ugonjwa haukuwa na pa kurudi. Akameza uji, baadaye ugali laini na maziwa ya mgando, halafu makande aliyoyaponda mwenyewe akigombana na wauguzi kuhusu chumvi. Sukari ikatulia. Jumapili ya kwanza nyumbani alikwenda kanisani bila kanga mdomoni, akaimba sauti ya pili na midomo imeingia ndani, na waliokuwa wananong'ona wakapata cha kutazama.

Ufizi ulipopona tulikwenda Arusha kwa fundi wa meno. Alikuwa mpole, akatoa kishikio chenye vipande vya meno vya rangi tofauti, akakitandaza mezani.

"Mama, chagua. Wengi wanachukua hii nyeupe kabisa."

Mama hakuvitazama. Alinishika kidevu akanigeuzia dirishani, kwenye mwanga.

"Cheka," akaniambia.

Nikacheka.

"Kama haya," akamwambia fundi.

"Mama, rangi hiyo sina. Hakuna mtu anayeiomba."

"Basi changanya," akasema mama. "Mimi ni mtu wa Endabash."