Nilitumwa Uzi, Nikarudi na Ushanga

Siku moja ya soko naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Enzi za Mdachi hizo, hapa Rumonge, nami msichana niliyejiona mkubwa, kumbe kichwa bado kibichi. Wavu wa baba ulikuwa umechanika, na giza la mwezi linakaribia, siku ambazo ndagala, dagaa wetu, hufuata moto wa mitumbwi. Mama akanipa chungu cha mawese nikabadilishe na uzi wa kushonea wavu.

Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Kongo imeyeyuka ukunguni, nami natembea kama niliye usingizini. Kwa mchuuzi nikauona ushanga wa buluu. Nikaupita, nakuapia! Nikaushika uzi, nikauvuta, nikaridhika nao. Ndipo tarumbeta ikalia. Askari wakapita na msafara, sote tukasukumwa pembeni. Nikasimama nikitazama mizigo ikielea juu ya vichwa vya wapagazi, sijui kwa muda gani. Nilipomrudia mchuuzi, uzi ulikuwa pale pale, ila hamu yake imenitoka. Macho hayana pazia: nikatoa chungu, nikachukua ushanga.

Giza la mwezi likaja, wavu wa baba ungali umechanika. Kila asubuhi mchanga wa jirani uling'aa ndagala walioanikwa, wetu mtupu. Baba hakunikemea. Alikwenda kuvuta nyavu za watu apewe kitoweo, yeye aliyezoea kuwagawia wengine. Nililia, na hata sasa naona haya.

Aliyenena ni bibi, mama yake baba.

"Weye, nani alikutuma ushanga?"

"Bibi, uzi nilikuwa nimeshaushika. Askari wakapita."

"Askari walibeba uzi?"

"Hapana."

"Basi walibeba roho yako. Sikia, mutoto wangu. Ukiitwa pembeni, usirudie pale ulipoachia. Anza upya, ujiulize: nyumbani nilitoka kufuata nini?"

Mwanangu, usidhani ukiishinda tamaa mara moja umeishinda siku nzima. Moyo uliokatizwa hurudi umelegea, na tamaa hupenda kuukuta hivyo. Ukikatizwa katikati ya kuchagua, shusha mkono kwanza. Wakumbuke wanaokungoja, ndipo uchague. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu nimemlea tangu usichana.

Haya, nenda sokoni salama. Mungu akujalie moyo unaofika nyumbani kabla ya miguu.