Jalada la Nyuma

Kila asubuhi nyumba yetu ya mtaa wa Iftin, pale Garissa, ilinuka moshi. Ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi, aliokota makaa mekundu kwenye jiko, akayatia ndani ya vibuyu vya maziwa na kuvitikisa mpaka macho yakamtoka machozi. Maziwa yasiyofukizwa aliyaona chakula cha wagonjwa. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Lakini upo mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la saba, ambao hunijia na harufu nyingine kabisa: karatasi na gundi vikiungua pamoja. Nikiinusa mahali popote mpaka leo, huondoka hapo mara moja, na sioni haya kulisema.

Mwaka huo Hodan alikuja kukaa nasi. Baba yake alikuwa mdogo wake baba yangu, mtoto wa mwisho wa Ayeeyo, aliyevuka mpaka akiwa kijana kwenda kusoma Somalia, akawa mwalimu Kismayu na asirudi tena. Vita vilipozuka alipotezana na bintiye njiani. Hodan alifika Dadaab na majirani, na baba yangu akaenda kambini kumchukua. Alikuja na magauni mawili na kitabu kimoja cha historia, kilichoandikwa kwa Kisomali, chenye jalada la buluu na nyota nyeupe kama bendera ya Somalia. Ndicho baba yake alichokuwa akifundishia. Hodan alikilalia kama mto, na aliyekigusa bila ruhusa alifinywa.

Shuleni, mwalimu wetu wa historia, mtu mrefu wa Kitui asiyechoka kuongea, alikuwa akitufundisha jinsi Wazungu walivyokaa mezani huko kwao na kuigawa Afrika, na jinsi marais wetu baada ya uhuru walivyokubaliana mipaka ile ibaki ilivyo. Mimi nilidhani historia ni ya watu wa mbali. Hata Kenya kwetu ilikuwa mbali kidogo, maana mtu akivuka daraja la Tana kwenda Nairobi, Ayeeyo alisema, "Amekwenda Kenya," nasi tukacheka. Siku moja mwalimu akasema mwenye ramani ya zamani nyumbani ailete. Asubuhi yake, Hodan akiwa bado anatawadha, nilikichomoa kitabu chini ya shuka lake. Nilitaka sifa tu, basi.

Mwalimu alikifungua mbele ya meza yake. Nilikuwa sijawahi kuitazama ramani ile sawasawa. Somalia ilikuwa pana ajabu, imepakwa rangi moja, na ndani ya rangi hiyo niliona Wajir, nikaona Mandera, nikaona Garissa. Mji wangu, shule yangu, kiti nilichokalia, vyote vilikuwa nchi nyingine. Nilishtuka kama aliyemkuta mgeni amelala kitandani mwake. Nilingoja mwalimu acheke au akasirike, lakini alikwenda kufunga mlango. "Nani mwingine ameona hiki?" akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikasema hakuna. Akakifunga kwa gazeti. "Kirudishe nyumbani, binti yangu. Usikilete hapa tena, na usimwambie mtu."

Lakini mimi nilimwambia Ayeeyo. Nilirudi saa za adhuhuri, Hodan akiwa chuoni akisoma Kurani, nikamweleza yote mbio mbio nikidhani atanifafanulia. Ayeeyo hakujua kusoma, ila nyota ile aliijua. Rangi ya uso ilimtoka. Akaniambia, akitazama mlangoni, kwamba baada ya uhuru, mwaka watu wa bara walipokuwa wakishangilia, sisi, tukishukiwa kutaka kujiunga na Somalia, tulikusanywa mahali pamoja, na ngamia wetu wakapigwa risasi, na jirani yake mmoja alichukuliwa kwa sababu ya kitambaa chenye nyota kama hiyo. Hakurudi. Darasani uhuru ulikuwa bendera na ngoma, na hakuna aliyewahi kunitajia ngamia.

"Ayeeyo," akaniita, kwani kwetu bibi naye humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye, "tazama kama jina la Mungu limo. Ukurasa wenye jina la Mungu hauchomwi, tunauweka." Hivyo ndivyo alivyofanya na kila karatasi iliyoandikwa, hata ile ya kufungia sukari. Nilipekua upesi, nusu kwa woga, kurasa zenye chapa tu. "Halimo," nikasema. Akakiweka kwenye jiko lile lile la kufukizia vibuyu.

Hodan alirudi akakuta majivu. Hakulia mara moja. Aliuliza tu, "Jalada la nyuma mmelitoa?" Ndani ya jalada la nyuma, akasema, baba yake alikuwa ameandika kwa mkono: Bismillahi, kisha jina lake Hodan, kisha la baba yake, kisha la babu, mpaka mababu kumi na wawili. Ulikuwa mwandiko wa pekee wa baba yake aliobaki nao. Ayeeyo aliingiza vidole kwenye majivu yenye moto na kuyachambua, asijali kuungua, akilitaja jina la mwanawe. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mtu mmoja tu nyumbani ndiye aliyetakiwa kugeuza jalada, na alikuwa mimi.

Baba yake Hodan hatukumpata. Ayeeyo alizikwa Garissa, na Hodan yuko Ulaya, ana watoto watatu. Mwaka jana mwanangu alikuwa akifanya kazi ya historia ya shule. Akanisogezea simu bila wasiwasi wowote. "Mama, mliijua hii?" Ilikuwa ramani ile ile, kitabu kile kile, mtu amekipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Niliruka nikafunga mlango. Mwanangu akashangaa: kwani kuna nini, si ramani tu, mwalimu ndiye aliyewaambia waitafute.

Nilimtumia Hodan picha zile. Kisha ikaja sauti yake, fupi: "Walaal, ndugu yangu, wameweka na jalada la nyuma?"

Nikateremsha mpaka picha ya mwisho. Wameliweka. Ni jeupe kwa ndani, safi, halina hata herufi moja.