Hajasema Tukae

Mwalimu Maulida ana sheria moja inayojulikana Buzuruga nzima: ndani ya darasa lake la kwanza ni Kiingereza tupu, Kiswahili kinaachwa nje ya kizingiti. Hata bibi aliyemletea mjukuu wake sweta alipokelewa mlangoni, asije akaingia na Kiswahili chake.

Basi shule ilipoleta kishikwambi cha kufundishia Kiingereza, na mkuu wa shule akasema dada anayesikika humo ana matamshi mazuri kuliko walimu wote, Maulida alinuna wiki nzima. Jumatatu akakiegemeza ubaoni, akakiwasha. "Haya, fundisha," akakiambia kwa Kiingereza, kisha akaenda zake kunywa chai na chapati.

Aliporudi alichungulia dirishani. Dada wa kishikwambi alikuwa akiimba majina ya matunda kwa furaha, na darasa zima lilikuwa limesimama wima, mikono nyuma. Wengine walishaanza kuegemea mguu mmoja, lakini hakuna aliyethubutu kugusa kiti.

Nestory, kiranja wa darasa, alipomwona alitoka mbio mpaka nje ya kizingiti, ndipo akafungua mdomo.

"Mwalimu, ametusalimia, tukasimama kumwitikia. Mpaka sasa hajasema tukae."

Maulida akajikaza asicheke. Alijua neno lake moja tu lingewaketisha wote. Akamwinamia Nestory.

"Simameni hivyo hivyo kidogo," akanong'ona. "Ngoja nikamwite mkuu."