Mkono Ndani ya Buti

Mtakatifu wetu alizaliwa chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, kwenye harufu ya gundi na ngozi. Kabla hata hajashika sindano, baba yake alimfundisha jambo moja: kiatu hakirudi kwa mwenyewe mpaka fundi aingize mkono ndani, apapase misumari, amwombee atakayekivaa. Alipochukuliwa jeshini wenzake wakamwita Papasa.

Alitekwa mwaka wa pili wa vita. Kikosi kinakimbia, yeye anarudi kumbeba dereva aliyevunjika mguu, basi wote wawili wakaishia nyuma ya seng'enge. Kambini akapewa kazi ya kushona mabuti ya walinzi. Wafungwa wenzake wakamnunia, na aliyemsema zaidi ni yule yule dereva. "Papasa, ukimaliza buti, walambe na vidole."

Yalimchoma. Siku moja, hasira zimemjaa, akakabidhi mabuti ya mkuu wa kambi bila kuingiza mkono. Hajawahi. Hata mlangoni hajafika, akasimama. Akakumbuka dereva alikaa karibu na benchi asubuhi yote, kimya, na dereva si mtu wa kukaa kimya. Na kila mtu alijua: mlinzi akidhurika, banda zima linapigwa risasi.

Akageuka. Mkuu ameshainua mguu.

"Afande, naomba hilo. Sijamaliza."

Akaingiza mkono. Msumari umesimama wima, umepakwa uchafu wa chooni, ukazama kiganjani. Akajaribu kuukunja kwa vidole, atoe mkono kama hakuna kitu, lakini damu haina siri, ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mkuu akauliza nani kafanya. Papasa aliogopa, maana watakatifu nao huogopa, jamani.

"Fundi ni mimi, afande. Kosa la buti ni la fundi."

Wakamtupa shimoni. Alitoka hai, ila mkono umeoza, sindano haishikiki. Dereva akaja kumlisha, analia.

"Ndugu yangu, ni mimi."

"Najua. Shika sindano."

Akamfundisha kazi mpaka homa ya ule mkono ilipomuua Papasa, kabla ya amani. Wafungwa waliorudi kwao kwa miguu husimulia kwamba viatu vilivyopita kwa wawili hao havikumtoa mtu lengelenge.

Dereva alienda moja kwa moja kwenye lile duka la baba yake Papasa, akaomba kazi. Mzee akampa kiatu akishone. Alipomaliza, akaingiza mkono ndani, akapapasa, midomo inacheza. Mzee akaketi chini. Hakuhitaji kuambiwa mwanawe yuko wapi.

Nasi tumwige: tukikosea, turudi kabla mguu haujaingia.