Konzi Nne za Kontena

Juzi nilisimama kando ya barabara kuu hapa Voi, treni ya mizigo ikapita kule juu kwenye tuta lake. Kontena juu ya kontena, ndefu mpaka shingo inauma. Nikajaribu kusoma herufi. Wapi! Hiyo kitu inakimbia ni kama imeiba. Ghafla utosi ukaanza kuniwasha, nikacheka peke yangu barabarani. Kama ulikulia hapa kwetu, unajua ni kwa nini. Kama hukukulia, kaa nikwambie.

Zamani kontena zilipita barabarani na malori, na malori yalisimama kwetu. Nyanya alikaanga viazi karai hapo. Mimi kazi yangu ilikuwa kumenya, kusugua karai na kufukuza mbuzi. Harufu ya dizeli, mafuta moto, vumbi jekundu mpaka ndani ya meno. Na sisi watoto wa hapo tulikuwa na mchezo wetu. Kila kontena ina herufi nne kubwa ubavuni, na ya mwisho, sijui ni kwa nini, siku zote ni U. Lori likisimama, unatafuta neno la Kizungu lenye herufi zote nne ndani yake, kwa mpangilio wowote. Ukipata unapiga kelele, umepona. Atakayebaki anakula konzi nne, moja kwa kila herufi.

Usidhani zilikuwa konzi za mapenzi. Mpigaji alikuwa prefekti wa shule yetu, kijana mkubwa, mama yake mwalimu. Alivaa nati ya lori kidoleni kama pete. Ikitua kichwani unaona nyota mchana, mdomo unajaa ladha ya chuma. Na yeye ndiye alikuwa jaji. Akisema neno liko, liko. Akisema haliko, inamisha kichwa. Mimi Kizungu changu nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia viazi, nasoma mbiombio kabla mafuta hayajala maandishi, kwa hivyo sikupigwa sana.

Kisha binamu yangu akashuka kutoka Sagalla. Mvua ilikuwa imekataa kule, mbuzi wa mjomba wamekufa, na mtoto badala ya kwenda shule anashinda kwenye foleni ya maji na punda. Nyanya akasema aje asome kwetu. Alikuwa mpole, mwembamba, na kabla hajasema Kiswahili anafikiria kwanza. Kwenye mchezo wa kontena huyo alikuwa chakula. "Mtu wa mlima, lete kichwa!" Na analeta kweli, bila kulia, na mimi damu inachemka.

Wiki ya kwanza nikampasua mmoja wa wale vijana mdomo. Nyanya akatuita mimi na binamu, akatunyooshea mwiko wake wa chuma ukidondosha mafuta. "Sikizeni. Atakayeanza vita tena hapa kwa kazi yangu, anapanda Sagalla kubeba maji. Na sibagui."

Hapo nikafungwa mikono. Nikianza, binamu ataingia kunisaidia, na kwenye vumbi la ngumi nani atajua nani alianza? Angerudishwa juu, shule yake kwisha. Wale vijana wakanusa hiyo. "Simba jike amefungwa kamba!" Wakawa wanampiga huku wananiangalia mimi usoni.

Siku moja likasimama lori la buluu. D, R, T, U. Hata prefekti anakuna kidevu. Halafu nikasikia kasauti ka binamu nyuma yangu. "Drought."

Yaani ukame. Alilijua hilo neno kwa sababu watu wa misaada wenye magari meupe walikuwa wanapanda kwao kulisema, wamesimama mbele ya tangi tupu.

"Ati nini?" prefekti akauliza.

"Drought."

"Hakuna neno kama hiyo. Umetunga."

"Liko. Hata sisi kwetu—"

"Nimesema hakuna! Na kwa kudanganya, ni nane. Lete kichwa."

Ya kwanza ikachana ngozi. Damu ikashuka mpaka kola ya yunifomu. Ya pili ikatua palepale penye kidonda. Ya tatu sikuingoja. Nilirukia ule mkono nikauma kidole chenye nati, nikauma mpaka nikasikia kitu kinakatika, na sikujua kama ni yeye ama ni jino langu. Wakanivaa wote. Mateke ya mbavu, nywele zinang'oka. Binamu yangu, yule mpole, akaja na mawe mikono miwili. Kioo cha taa ya lori kikapasuka, utingo akaruka na kamba akitucharaza sisi sote bila kuuliza.

Nyanya akafika. Akaniona nina damu mdomoni. "Nani alianza?"

"Ni mimi," binamu akasema haraka.

"Muongo huyo!" nikasema. "Ni mimi. Prefekti amesema hakuna neno la ukame."

Nyanya akageuka polepole. Akamshika prefekti sikio, akalivuta mpaka kijana akasimama kwa vidole vya miguu. "Ukame hakuna? Hebu panda pale juu ukawaambie mbuzi."

Nikajua nimeokoka. Sikuokoka. Usiku huohuo alinifungia nguo zangu kwenye leso. "Damu nzito kuliko maji," akasema, "lakini maji ndiyo hakuna. Nilisema sibagui."

Asubuhi nikapanda Sagalla, mimi, si yeye. Nikachukua foleni yake na punda wake. Mvua iliporudi, wenzangu walikuwa mbele mno, na shule yangu ikaishia hapo. Binamu alimaliza yake. Leo ni mwalimu upande wa Mbololo, na yeyote akimsema vibaya mbele yangu, ajipange.

Nyanya tulishamzika. Malori ni machache, hakuna anayesimama kula. Pale alipokaanga sasa kuna ukuta, na juzi watoto wawili walikuwa wameuegemea wakitafuta maneno ya Kizungu kwenye simu. Wakikosa, simu inawaambia wajaribu tena. Jaribu tena! Nikawatazama kwa muda mrefu. Vichwa vyao laini, havina hata kovu. Nikawaonea wivu, halafu nikawahurumia, kwa sababu walikuwa wameketi karibu hivyo na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake.