Yai la Kuchemsha kwenye Mteremko wa Volkano

Kila ninapomenya yai la kuchemsha, hulirudisha sahanini kabla sijalionja, kwa sababu harufu yake ni ile ile ya alfajiri tuliyopanda mteremko wa volkano kwa gari la jipu.

Baba alikuwa akiwaongoza wageni kwenda kuona jua likichomoza upande wa Busasamana, na siku hiyo alinichukua. Jipu lilinuka dizeli na sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliobebwa jana yake. Nilibanwa kati ya tairi la akiba na kapu la mayai ya kuchemsha ya wageni. Tulisimama ndani ya shamba la viazi, magurudumu yakiwa yameponda matuta mawili.

Mwenye shamba akatujia mbio, mikono imefunguka. Alikuwa shangazi yake baba, aliyemlea. Kwetu mkubwa hukumbatiwa kwanza, mengine husemwa baadaye.

"Mutoto wangu, kumbe ni we! Kuya nikukumbatie, ya viazi tutaongea nyuma."

Mgeni mmoja akauliza huyo ni nani.

"Mama mmoja tu wa hapa," baba akajibu kwa Kifaransa. Kisha akamgeukia shangazi yake: "Mama, simama pale. Wageni wanataka foto."

Mikono ile ilibaki wazi kitambo, kisha ikashuka. Alisimama alipoonyeshwa. Jua likachomoza nyuma yake, wageni wakashangilia. Ndipo aliponiona ndani ya jipu.

"Na we, mujukuu, unanijua?"

Kinywa changu kilikuwa kimejaa yai nililopewa na mgeni mmoja. Ningeweza kulitema na kushuka. Nilimtazama baba, nikaendelea kutafuna.